Kwa nini mkulima wa mboga bado anamwendea dalali

Kila kinapojadiliwa kipato cha wakulima wadogo wa mboga, kama wale wa Lushoto, ushauri huwa ule ule: waachane na madalali wa masoko ya Dar es Salaam, wafunge mikataba na supamaketi na hoteli. Una msingi. Kwenye mkataba bei hujulikana mapema na mzigo hupimwa kwa kilo, ilhali mkulima anayeuza sokoni hutajiwa bei kwa simu asiweze kuihakiki, na lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo kwa bei ile ile, ingawa imepigwa marufuku, bado humnyonya.

Lakini wanaomwona anayebaki na dalali kuwa hajaelimika hawajamtazama siku ya kuchuma. Tuseme amepata matenga 10 ya nyanya, na supamaketi ikachagua manne yenye nyanya kubwa zisizo na doa. Sita yaliyobaki, yenye nyanya za kati pamoja na masalo, yaani ndogo zinazobaki baada ya kuchagua, hayana pa kwenda ila sokoni, na huko dalali akishaona kwamba zilizo bora zimekwisha kutolewa, huushushia mzigo bei, kwa sababu nyanya kubwa ndizo zinazouza tenga zima. Bei nzuri ya matenga manne haithibitishi faida. Hesabu ya mkulima ni ya matenga yote 10, na hiyo ndiyo washauri wanayoiruka.

Kisha kuna muda wa malipo. Supamaketi inaweza kulipa baada ya mwezi au zaidi, wakati kibarua anataka ujira wake jioni na dawa ya ukungu haingoji. Dalali hutoa fedha taslimu, na pengine ndiye aliyemkopesha mbegu na mbolea. Mkopo huo humfunga, sikatai, ila haudai hati ya nyumba.

Wanunuzi wakubwa nao hawakudumu: supamaketi ya Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014, ile ya Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite, ikaporomoka muda mfupi baadaye. Lakini Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara walihamia masoko mengine na mboga zikaendelea kununuliwa.

Kwa maoni yangu, mkataba unawafaa wakulima waliojiunga, wanaoweza kukusanya nyanya bora kutoka mashamba mengi na wenye mfuko wa kuwalipa wanachama wakati wakisubiri hundi. Kwa mwenye nusu ekari aliye peke yake, mizani kwenye kituo cha kukusanyia mazao, ikisimamiwa kikweli na Wakala wa Vipimo, ingemwongezea kipato mapema kuliko mkataba wowote.