Si Vimekaa Tu?

Mtu anayekodisha viti na maturubai hapa Mwanza huishi miaka miwili ndani ya mwaka mmoja. Upo ule unaoanza Juni, wakati wakulima wa Magu, Kwimba na Misungwi wanapouza pamba na kamati za harusi zinapogombea Jumamosi moja mpaka mwenyekiti wa kamati anakuamkia shikamoo ilhali amekuzidi umri. Kisha upo huu wa pili, unaoanza Januari kwa ada, sare na madaftari, ukapita kwenye mfungo na kumalizikia kwenye mvua za Machi na Aprili, ambapo simu ikiita ni ya mtu anayetaka kukopa.

Zamani kidogo mfungo haukutuumiza sana, kwa sababu Kwaresima ya Wakristo na Ramadhani ya Waislamu zilikuwa zikipishana. Huyu akisitisha harusi, yule alikuwa akioa. Mwaka 2025 zilianza ndani ya wiki moja, mwaka 2026 zikafanya vivyo hivyo, na kalenda inaonyesha kwamba 2027 hali itakuwa ileile. Mwaka 2028 ndipo zinapotazamiwa kuachana, lakini msifurahi haraka: Ramadhani itaisha mwishoni mwa Februari na Kwaresima itaanza 1 Machi, yaani zitapokezana kijiti bila kuniachia hata wiki moja ya katikati. Sina ugomvi na dini yoyote. Ninachoomba ni kwamba viongozi wakikutana siku moja kuzungumzia amani, wakumbuke pia suala la maturubai.

Mwenye stoo yangu, kwa upande wake, hafungi Kwaresima wala Ramadhani, na kodi yake anaitaka ya miezi mitatu mbele. Awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio nayo mwisho wake ni 31 Machi, tarehe ambayo aliyeichagua bila shaka hajawahi kukodisha hata kijiko. Panya wametoboa vitambaa vya meza, na kuku wa mama watoto ametaga ndani ya sufuria ya kupikia pilau la watu mia mbili, akaatamia, na nimepigwa marufuku kuigusa mpaka vifaranga vitoke.

Hayo yote nayavumilia, kwa kuwa biashara yoyote ina kiangazi chake. Kinachonishinda ni imani ya mtaa mzima kwamba kitu kisichokodishwa hakina mwenyewe. Mtu anafika asubuhi, anachungulia stoo, anaviona viti vimepangwa mpaka kwenye dari, kisha anauliza kwa upole mkubwa: “Kaka, si vimekaa tu?” Kwaya imechukua vya mazoezi. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kimechukua vya Alhamisi, na Alhamisi yao haina mwisho. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye pamoja na cheo chake hana kiti hata kimoja, amechukua vya mkutano wa wananchi. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alichukua viti 50 kwa ajili ya kikao cha ukoo, na kila ninapomwuliza hunijibu kwa masikitiko kwamba ukoo haujafikia mwafaka.

Wa msiba simlaumu, maana msiba hauna msimu na leo kwake kesho kwangu. Ninachosema ni kwamba msiba wa Mwanza mara nyingi uko juu ya mlima. Kirikuu inaishia chini kwenye lami, viti vinapandishwa kichwani katikati ya mawe ya Igogo, na mkifika juu hakuna mahali pa kuchimbia kigingi, kwa hiyo kamba za turubai mnazifunga kwenye miamba na nguzo mnazisimamisha ndani ya ndoo za mchanga, huku upepo wa ziwani ukisubiri mmalize ndipo uanze kazi yake.

Lakini mkopaji aliyenimaliza ni mama mdogo wa mke wangu, ambaye anafanya biashara ya dagaa kwenye mwalo mmoja upande wa Kayenze. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, hasa katika giza la mwezi, na kukikucha huanikwa juani. Mvua ikiwakuta wakiwa bado wabichi wanaharibika, na aliyetarajia kuwauza kwa walaji anaishia kuwauza kwa wenye kutengeneza chakula cha kuku. Alikuja na wingu nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, “Baba, nasikia yale maturubai yamekaa tu.” Nikamwonyesha la bluu, la zamani, ambalo ningempa hata moja kwa moja. Akalipapasa, akalinyanyua dhidi ya mwanga, akahesabu matundu kwa sauti, halafu akaelekeza kidole kwenye lile jeupe la kupambia meza kuu ya maharusi. “Lile ndilo lisilovuja.” Niambie, ewe msomaji uliyeoa, ungemjibu nini mama mkwe?

Dagaa walipona wote. Turubai limerudi likiwa limekunjwa vizuri kabisa, na tumeshalifua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa maji ya moto, tena tumelifukizia udi usiku kucha, ila jua likiliwakia vizuri harufu inaamka. Bibi harusi wa kwanza baada ya Pasaka ataingia akisindikizwa na wapambe mbele na paka wa mtaa mzima nyuma.

Viti vyenyewe vinarudi kimojakimoja. Vyangu nilivipiga herufi nyekundu mgongoni, lakini vinavyorudi vingine vina herufi za kijani za mtu nisiyemjua, kimoja kina jina la shule, na kimoja kina miguu mitatu na jiwe.

Jana, hatimaye, nikapigiwa simu na mweka hazina wa kamati moja ya Buhongwa anayetaka viti kwa Jumamosi ya mwisho wa Aprili. Nikamtajia shilingi 500 kwa kiti. Akaguna kama wanavyoguna waweka hazina wote, akasema, “Mzee, mbona hapo mtaani kwako kuna mtu anatupa kwa 250, tena ni vyeupe vilevile na vina herufi nyekundu mgongoni?” Nikamwomba kwa adabu anitajie jina la huyo mshindani wangu. Akanitajia yule ambaye ukoo wake bado uko kikaoni.