Tuliyoyaona Ujiji, na tuliyoyaona injini ilipogoma

Mwaka huu nilisindikiza wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Tabora kwenda Kigoma kwa treni. Ratiba niliipanga mimi, kwa hiyo lawama za humu zinaanzia kwangu.

Kwenye makumbusho ya Ujiji watoto walijipanga mbele ya zile sanamu mbili, wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley wakisalimiana, wakapiga picha, wakaandika "1871", mwaka walipokutana, kwenye daftari. Kumbe njia ya misafara ilikuwa hapo hapo, ile iliyotoka Ujiji ikapita kwetu Tabora hadi Bagamoyo. Walioipita ni Wanyamwezi wenye pembe za ndovu mabegani, na watumwa wenye minyororo shingoni. Nusu ya kundi langu ni Wanyamwezi. Chuma na Susi, waliokuwa katika msafara ulioubeba mwili wa Livingstone huyo huyo kutoka Zambia ya leo hadi pwani, niliwataja tukiwa tunapanda gari. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Kesho yake tulikwenda mwalo wa Kibirizi kuchukua boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe. Injini ikagoma. Kwa muda wa saa tatu tulikaa pale, na nikiulizwa leo, hizo ndizo saa pekee za safari ile zilizokuwa somo.

Mama mmoja alikuwa akianika dagaa. Kijana wangu mmoja, ambaye darasani hafungui mdomo, alimwamkia, kisha akachota konzi moja na kuimwaga juani.

"Usiwarundike, mwanangu, wataoza. Watandaze hivi," akamshika mkono.

Kijana akauliza kwa nini wiki ile dagaa walikuwa bei juu. Mama akanyoosha kidole mbinguni, mchana kweupe. Mbalamwezi! Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka, taa haiwavuti tena, hivyo wavuvi hupumzika. Baada ya hapo maswali hayakukatika: nyavu, betri za taa, nani anamiliki mtumbwi, nani anagawana nini.

Mwakani Kibirizi imo kwenye ratiba, asubuhi nzima. Ujiji tutaanzia kwenye njia ya misafara, sanamu baadaye.

Gombe hatukufika. Mzazi mmoja alinipigia simu akifoka: amelipia mwanawe akaone sokwe, mtoto amerudi ananuka samaki. Ana haki yake, na fedha ya boti nimemrudishia. Zile kilo mbili za dagaa alizoletewa hakuzigusia.