Kwenye flashi ya uokoaji, naitaka ed

Flashi yangu ya uokoaji, ninayowashia kompyuta zilizogoma, hukaa mfuko wa shati, nimeiviringisha nailoni kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa Lamu haikiachi chuma salama. Ndani mna Linux ndogo, mfumo wa kuendesha kompyuta, na kwa muda mrefu edita yake, yaani programu ya kuhariri faili za maandishi, ilikuwa nano. Kijana anayenisaidia aliipenda: amri zimepangwa chini ya skrini, huna haja ya kuuliza mtu.

Hadi siku ile Shela, kwenye nyumba moja ya wageni. Kompyuta ya mapokezi iligoma kuwaka. Mtu alikuwa amechomoa diski ya nje, lakini mstari wake ukabaki ndani ya fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa kompyuta ikiwaka, bila neno nofail linaloruhusu kuendelea diski isipokuwepo. Mfumo ukaisubiri sekunde 90, ukakata tamaa, ukaingia hali ya dharura, nako hakuingiliki kwa kuwa akaunti ya root, ile ya msimamizi, ilikuwa imefungwa. Dawa ni alama moja tu: # mwanzo wa mstari, ili mfumo uupuuze. Nikachomeka flashi, nikaita nano. Ikagoma: haiwezi kufungua terminal, yaani skrini ya kuandikia amri. Nilipoitengeneza flashi nilibeba programu na maktaba zake, nikasahau faili za terminfo, ambazo ndizo huieleza nano namna ya kuchora skrini. Wageni wamesimama na mabegi, boti ya uwanja wa ndege wa Manda inanguruma gatini, nami jasho linanitiririka. Niliponea kwa sed, amri inayobadilisha faili bila kukuonyesha, ambayo hukata kwanza, wewe ukaja kuona baadaye.

Zamani watu walibishania ukubwa, na walikuwa na haki: diski laini ilibeba MB 1.44, kila kilobaiti ina mwenyewe. Leo flashi ya GB 8 ni ndogo, hoja hiyo imekufa. Swali ni edita inamtegemea nani. Vi, edita nyingine, ile iliyomo ndani ya BusyBox (programu moja yenye amri nyingi ndogo), haihitaji terminfo. Ed, edita ya mstari kwa mstari, kazi ya Ken Thompson tangu 1969, haihitaji hata skrini. Ilizaliwa enzi za mashine zinazochapa majibu kwenye karatasi.

"Ami, hiyo ya wazee," kijana akanibishia. "Ukikosea inakujibu alama ya kuuliza tu."

Kweli, sikatai. Lakini amri anazozihitaji hazizidi nne, nami nimeziandika kwenye kikaratasi kilichomo ndani ya nailoni ile ile. Vi nimeiacha kwa wanaoijua (asiyeijua atahangaika zaidi kutoka kuliko kuingia). Nano ipo pia, safari hii na terminfo yake, ila siitegemei.

Juzi nikamwekea kompyuta niliyoiharibu makusudi. Akaandika ed /mnt/etc/fstab. Ikajibu 612, idadi ya baiti. Akaandika ",n" na mistari ikashuka na namba zake. Akaipata mbovu, akaandika 4s/^/#/ (weka # mwanzo wa mstari wa 4) na edita ikanyamaza kimya. Akanitazama. Nikamwambia endelea. Akabonyeza w, kuhifadhi.

613.

"Imeongezeka moja, Ami."

"Ndiyo hiyo alama yako. Haya, q."