Itifaki Ikishazingatiwa, Sema Kilichokuleta

Hotuba nyingi nilizosikia kwenye mahafali na harusi zilikufa mwanzoni kabisa. Mshereheshaji anatambulisha meza kuu, cheo kwa cheo. Anasimama msemaji wa kwanza, anaanza upya: mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, viongozi wa dini. Akimaliza ndipo anasema "itifaki imezingatiwa". Wa pili naye anarudi kwa mgeni rasmi. Akifika wa nne, wazazi waliosafiri kuja kuona watoto wao wakipewa vyeti wameshainamia simu.

Siipingi heshima. Kwetu kusimama mbele ya wakubwa bila kuwatambua ni utovu wa adabu. Lakini heshima inatosha sentensi moja. Tarehe 8 Mei 1996, Thabo Mbeki, wakati huo naibu rais wa Afrika Kusini, alisimama bungeni Cape Town siku ya kupitishwa kwa Katiba mpya. Alimtaja mwenyekiti, Rais Mandela, wajumbe na wageni kwa mkupuo mmoja, akasema kwamba katika siku kama ile huenda inafaa kuanzia mwanzo. Kisha: "Mimi ni Mwafrika." Hakuna mkubwa aliyevunjiwa heshima, na hoja nzima ilikuwa imeshawekwa mezani.

Salamu yenyewe inaweza kubeba hoja. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ikipata uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitangulia kuhutubia na kumsifu Leopold II, mfalme wa zamani wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji. Alipoanza, aliwaita Wakongo, wanaume kwa wanawake, wapigania uhuru walioshinda, mfalme akiwa amekaa palepale. Kabla hajafika kwenye mateso ya ukoloni, alikuwa ameshasema siku ile ni ya nani.

Bibi zetu nao walilijua hili. "Paukwa!" "Pakawa!" Hadithi haijaanza, na kila mtoto ameshafungua kinywa. Rais Samia alileta kitu cha namna hiyo mwaka 2021: anasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, umati unaitikia "Kazi iendelee!" Badala ya mlolongo wa salamu za kila dini, uwanja mzima unaitika kwa pamoja. Msikilizaji aliyeitika ameshaingia kwenye mazungumzo.

Baada ya salamu ndipo wengi wetu tunapopoteza watu. "Sina mengi ya kusema." "Samahani, sikujiandaa." Kwa nini umwambie mtu aliyekaa juani tangu asubuhi kwamba hukumwandalia kitu? Kama unazungumza kwa niaba ya wazazi, anza na jambo ambalo nyote mmelipitia: "Wazazi wenzangu, watoto wetu walipoingia kidato cha kwanza, shule hii haikuwa na maji, na kila mmoja alikuja na dumu lake." Hapo simu zitashuka, maana kila mzazi analikumbuka dumu alilonunua.

Kamati za maandalizi nazo zinaweza kusaidia sana. Utambulisho ufanywe mara moja, na mshereheshaji. Kila msemaji aambiwe hivyo kabla hajakabidhiwa kipaza sauti, mheshimiwa diwani akiwemo.