Nilivyompandisha Shemeji Cheo

Binamu yangu ameshasambaza toleo lake, tena kalitia chumvi hadi limekuwa ng'onda, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe. Ndiyo, nilimwita shemeji mavi mbele ya mama yake. Sikupiga magoti wala sikuimba. Hayo kayatunga binamu.

Mchumba wa dada ni Mhispania, na familia mbili zilikuwa zinatambulishana kwa simu ya video. Mimi na Kihispania changu cha miezi mitatu nikajitolea kutoa neno. Ningesema "shemeji" nikakaa chini, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini "shemeji" nililiona dogo. Nikataka kumpandisha cheo, na kwa Kiswahili, ili litoke moyoni.

Nikasimama. Nikakohoa. Mkono kifuani. "Desde hoy," yaani kuanzia leo, "tú eres mi kaka," wewe ni kaka yangu.

Kimya. Nikadhani mtandao umeganda, kumbe walioganda ni watu. Kikombe cha mama mkwe kiko nusu ya safari kwenda mdomoni. Bibi mmoja anamwinamia jirani yake kuuliza nimesema nini. Mara, pembeni ya skrini, mtoto wa miaka kama mitano akapasuka: "¡Caca!" Akadondoka chini kwa kicheko. Nami, boya, nikaona nimependwa. (Subirini, msicheke bado.) Nikapaza sauti: "Mi gran kaka!" Kaka yangu mkubwa. Dada akanikanyaga chini ya meza. Nikadhani ananitia moyo. Nikarudia.

Wakaeleweshwa, wakacheka, nikazima kamera, basi.

Nikajitetea kwa dada kwamba hata Kaka, yule mwanasoka wa Brazil, alitwaa Ballon d'Or mwaka 2007 na jina hilohilo. Akanijibu: "Yule alipewa na mdogo wake, mtoto aliyeshindwa kutamka Ricardo. Wewe una miaka 34."

Usiku sikulala, nikawa nachimba hilo neno. Wahispania wamelirithi kwenye Kilatini, cacare, kwenda haja kubwa. Wahungari wanaliandika kaka kama sisi, na maana ni ileile ya aibu. Sasa dada angeshindwa nini kujipatia Mwajemi, ambaye kwake kaka ni ndugu? Mgujarati angejua namwita baba mdogo. Mmaori wa New Zealand angeona nimemfananisha na kasuku, nalo lingepita. Kilichoniuma zaidi ni Mswidi: kwake kaka ni keki! Tena Kiingereza kililichota hilo kaka kwenye Kinorse cha kale, lugha ya Maviking, nasi tukalichukua kwa Waingereza likiwa keki. Kwa hiyo neno hilo mnalikatia vipande kwenye kila siku ya kuzaliwa, mnalishana na kupiga picha, ila mimi ndiye wa kuchekwa.

Shemeji hana kinyongo. Tatizo ni yule mtoto. Jana kanitumia ujumbe wa sauti, na upande ule wote sasa ndivyo wanavyoniita: Tío Kaka. Tío ni mjomba.

Hilo la pili mnalijua.