Mifupa Yangu Inapanga Foleni

Watu wa nyumba hii wanaweza kukaa mbele ya runinga na kutazama tamthilia ya mauaji mwanzo mpaka mwisho, damu inatapakaa mpaka kwenye mapazia, na wao wanatafuna tu. Lakini mimi nikiweka mezani kiunzi kimoja cha mifupa cha sentimita 14, minong'ono inaanza. Eti baba siku hizi hayuko sawa. Kwani nimeua mtu?

Ninachotengeneza ni ofisi. Sanduku la mbao, upande mmoja wazi, ndani kuna madirisha matano ya huduma na lililofunguliwa ni moja. Saa ya ukutani imesimama. Tangazo linasema MTANDAO UKO CHINI, SUBIRI. Na wateja wamesubiri kweli, mpaka wamebaki mifupa. Mmoja bado ameikumbatia bahasha yake ya vyeti. Mwingine ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, maana alidhani ameitwa yeye, akafia hapohapo katikati ya kuinuka. Kati ya wote, mwenye nyama ni karani peke yake.

Sasa niulizeni kuhusu mikono. Mtu mzima ana mifupa 206, na zaidi ya nusu imerundikwa kwenye viganja na nyayo: kila mkono 27 ukihesabu na kifundo, kila unyayo 26. Yaani kichwa, mbavu na uti wa mgongo mzima, vyote vinashindwa na vidole! Kwa kipimo changu cha moja kwa kumi na mbili, yaani sentimita moja yangu ni kumi na mbili za kweli, kifupa cha ncha ya kidole hakifiki milimita mbili. Unakikunja kwa udongo wa plastiki juu ya ncha ya sindano, umebana pumzi, macho yamekutoka, halafu mtu anafungua mlango kukuuliza chaja iko wapi. Marehemu hana mkono tena. Ndiyo maana wateja wangu wengi wameingiza mikono mifukoni. Siku moja wajuzi wa sanaa wataandika kwamba ile ni ishara ya kukata tamaa. Waandike tu.

Mifuko nayo inataka suruali, na kitambaa hakina habari kwamba kinavaliwa na mtu mdogo. Hata kile chepesi kabisa kinasimama kimekakamaa, hakina uzito wa kujivuta chini. Dawa yake ni kukilowesha kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji, kukipanga mikunjo kwa kibano, kukibana kwa pini, kisha unakwenda kulala. Asubuhi unamkuta maiti kapendeza kuliko wewe unayekwenda kazini.

Halafu vumbi. Nilisaga chaki ya kijivu nikaitandaza kwa brashi ili ofisi ionekane ya zamani, ikakaa vizuri sana. Baadaye likaja vumbi lenyewe, la bure, lisilojua vipimo. Unyuzi mmoja wa blanketi ukatua kwenye kaunta, ukajilaza pale mnene kama kamba ya kuvutia gari. Na buibui! Mimi nimehangaika kuvuta nyuzi za gundi ya moto nipate utando wa bandia, yeye kaja usiku, kajenga wake kwenye kona, na lazima nikiri ni mzuri kuliko wangu. Ila akinyoosha miguu anafika sentimita tatu, ambazo kwa wateja wangu ni sentimita 36. Mnyama wa ukubwa huo ananing'inia juu ya dirisha la huduma na hakuna anayekimbia. Ofisi nzima inaonekana ya uongo kwa sababu yake, na kumfukuza nashindwa, kwa sababu ndiye pekee humu ndani anayeiunga mkono kazi yangu.

Kilichonimaliza lakini ni kioo cha karani. Nimekata plastiki angavu, safi, nikaibandika kwa gundi ile inayoshika papo hapo. Gundi hii ikikauka inatoa mvuke, na mvuke unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Isitoshe, mvuke huohuo ndio polisi wanautumia kuibulia alama za vidole. Kwa hiyo kwenye kioo cha ofisi iliyojaa wafu, kidole gumba changu kimejitokeza, mistari yote inasomeka. Mke wangu akakiinamia, akasema, "Haya baba, ushahidi huo."

Akaongeza kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya mambo kama haya. Nikampa mfano: Frances Glessner Lee, mama wa Kimarekani ambaye miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vyenye maiti ndani, kipimo kilekile cha moja kwa kumi na mbili, vya kuwafundishia wapelelezi wa vifo. Soksi za wanasesere wake alizifuma kwa pini. Polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni mwaka 1943! Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

"Alikuwa na meza yake mwenyewe?"

Alikuwa tajiri, na alimwajiri seremala. Sikulijibu hilo. Nikahamia haraka Amsterdam kwa Frederik Ruysch, aliyepanga mifupa ya vichanga juu ya vilima vya mawe yaliyotoka kwenye figo na vibofu vya watu, mingine imeshika leso inajifuta machozi. Mwaka 1717 Peter Mkuu wa Urusi akaununua mkusanyiko wake. Hapo ndipo nikaambiwa niondoe maiti mezani, watu wanataka kula, na kama Mrusi atapiga simu nitaitwa.

Juzi akaja mama mkwe. Nilifunika sanduku kwa shuka, lakini shuka juu ya sanduku lenye umbo lile ndiyo inaleta maswali zaidi. Akalifunua mwenyewe. Akavaa miwani. Akaangalia foleni yote, mmoja baada ya mwingine, polepole, nami nimesimama pembeni natafuta maneno.

"Mwanangu," akasema, "huyu wa dirishani mbona mzima?"

"Yeye hapangi foleni, mama."

Akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nikapumua. Kumbe hajamaliza.

"Basi mwongezee kitambi. Hivi hafanani na makarani wenyewe."

Na ana haki, bwana. Sasa nakanda udongo usiku huu. Kitambi kikikaa sawa, kiti hakiingii chini ya kaunta. Kaunta haing'oki bila kuvunja kioo. Na kioo nimekibandika na gundi ileile.