Zaidi ya Nani?

Jumamosi nilipanda Machame kumwona mzazi. Wifi yangu kajifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, mzima kabisa, paji la uso la marehemu baba yetu limehamia kwake lote. Mtori uko tayari, mama kampakata mjukuu, nyumba imejaa. Nikauliza jina. Mdogo wangu akajibu kwa madaha: "Zayden."

Mama akainua uso. "Zaidi?"

"Zayden, mama."

"Zaidi ya nani?"

Nilicheka mpaka mtori ukanipalia. Yeye hakucheka. Akafungua simu, akatusomea kwamba maana yake ni kuongezeka. Kwa hiyo mama hakukosea hata kidogo, ni Zaidi tu, kaongezewa manukato.

Kicheko kiliisha njiani nikirudi Moshi. Hasira ndiyo ilibaki, na bado ninayo, samahani.

Kichanga hana shida na jina. Kichanga anaitwa "baba", anaitwa "mzee", anaitwa "we mtoto", na kote huko anachoitikia ni ziwa tu. Mwenye shida na jina ni mwanaume wa miaka hamsini atakayesimama kwenye kikao cha ukoo kuamua mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, uende mgomba gani. Huyo ndiye tunayempa jina, ila kwa kuwa leo kalala kwenye kanga na ana vidole kama njugu, tunampa jina la kanga na vidole. Hebu fumba macho usikie: "Wazee, sasa tumsikilize Mzee Zayden." Wewe ungemsikiliza?

Halafu kuna jambo ambalo vijana wa simu hawalipigii hesabu kabisa. Jina la mtoto wa kiume halikai kwake peke yake. Kesho akizaa, linahamia katikati. Kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, fomu ya mtihani, kitambulisho cha taifa, watoto wake wote watalibeba baada ya majina yao, wapende wasipende, mpaka wanazikwa. Na linarudi nyuma pia, maana kuanzia wiki hii wifi yangu ni Mama Zayden pale Mbuyuni, na wauza ndizi wa Mbuyuni nawajua. Atakuwa Mama Zaidi kabla ya mwezi kuisha, na bei atapangiwa kwa jina hilohilo.

Nina jamaa yangu fundi wa kuchomelea pale Majengo. Upara, ndevu zenye mvi, mikono imejaa alama za cheche. Jina lake la cheti ni Junior. Baba yake alikufa zamani, kwa hiyo ni mdogo wa mtu asiyekuwepo. Siku moja nilimsindikiza kufuatilia karatasi fulani kwenye ofisi moja, nisiitaje. Karani kaishika fomu, kamtazama, kaitazama tena. "Junior mwenyewe yuko wapi, mzee? Lazima aje mwenyewe." Jamaa akasema ndiye yeye. Foleni yote ikageuka. Akatabasamu kama mtu aliyeshatabasamu hivyo mara elfu moja, lakini niliona alivyokuwa akikunja ncha ya ile fomu, anakunja, anakunjua. Nyumbani kuna kubwa kuliko hilo. Binti yake anaandikwa Upendo Junior, na mwalimu alishamuuliza kama Junior ni kaka yake.

Mtaniambia wa zamani nao walikuwa na yao. Haya, nakubali. Kuna watu wazima wanaitwa Shida, Tabu na Masumbuko kwa sababu tu mwaka waliozaliwa ulikuwa mbaya, na sijui mtoto aliingiaje kwenye deni hilo. Na kabla hamjanirukia na Godbless, nakubali na hilo, kwa shingo upande. Arusha Mjini walimchagua Godbless Lema ubunge mwaka 2010, wakalitaja jina lake majukwaani, na hakuna aliyecheka. Ila tazameni vizuri: Godbless ni Elibariki aliyevaa suti. Ni baraka ileile. Mtu mzima anaenea ndani yake.

Ndiyo maana nayapenda yale majina ya usharikani kwetu, Elibariki, Eliamani, Elifuraha. Mungu wa Kiebrania mbele, Kiswahili safi nyuma, na bibi yeyote wa mlimani anayatamka bila kuuliza zaidi ya nani. Hata Mangi Meli, chifu wa Kichaga ambaye Wajerumani walimnyonga Old Moshi mwaka 1900, jina lake ukilisikia kwa Kiswahili unafikiria bandari, lakini nani anathubutu kutania? Na Mwalimu Nyerere je? Alizaliwa 1922 mvua ikinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius alikuja kuongezwa kwenye ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Kambarage lilimfaa akichunga mbuzi Butiama, likamfaa akiwa rais. Hakulivua.

Habari ya tahajia sitaki hata kuianza. Zayden, Zaiden, Zeyden, kila mwalimu atakavyosikia. Wakili wa kugonga muhuri kwenye kiapo aanze kuweka akiba ya wino.

Na la kuniuma hasa, kwetu mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba. Hakuna aliyetakiwa kutafuta. Jina lilikuwa pale nje, kwenye msalaba migombani, hatua thelathini kutoka alipokaa na simu yake. Baba yetu aliitwa Elibariki. Mama hakusema neno. Aliendelea tu kumpakata mtoto, na nilipoinama kuaga nilimsikia anamnong'oneza kwa Kichaga, anamwita "mume wangu".

Niliyasema haya yote kwenye simu Jumapili usiku, mengine kwa sauti ambayo dada mtu hapaswi kuitumia. Jana mdogo wangu kanitumia ujumbe. Kafikiria, kaongea na mkewe, wamekubali Elibariki. Ila anaomba iandikwe Elybarick.

Nimeusoma. Sijamjibu.